Bunduki ya Mmarekani na ushuru wa korosho: jibu kwa msomaji wa Nachingwea

Msomaji mmoja wa Nachingwea ameniandikia hivi:

"Shikamoo mjomba. Kijiweni kwetu tunabishana tangu msimu wa korosho uanze. Mwenzetu mmoja anafuatilia sana siasa za Marekani kwenye simu. Anasema kule serikali haiwezi kumchezea mkulima kwa sababu kila nyumba ina bunduki, na sisi huku fedha za ushuru wa korosho zilichukuliwa zote na Hazina 2018 tukabaki kupiga kelele kwa sababu hatuna kitu mkononi. Mimi nambishia lakini hoja zinaniishia. Je, bunduki kwa raia na nguvu ya raia juu ya uchumi wao vina uhusiano wowote? Halafu kuna gobore la marehemu babu, liko darini hadi leo. Tulifanyeje?"

Marahaba, mpwa wangu. Umeniita mjomba, na kwa sisi wa kusini mjomba si mtu wa salamu tu, kwa hiyo nitakujibu kijomba: kwa kirefu, na bila kukubembeleza. Uchumi wa siasa nimeufundisha miaka mingi, na mpaka leo nina mikorosho yangu upande wa Masasi. Swali lako limenipata darasani na shambani kwa pamoja.

Mwenzenu wa simu kapatia nusu. Ni kweli Marekani imejaa bunduki. Makadirio ya 2017 yaliweka zile zilizo mikononi mwa raia kwenye milioni 393 hivi, katika nchi ya watu milioni 320 na ushei. Ila si kila nyumba. Watu wazima wanaosema wana bunduki ni kama watatu katika kila kumi, basi wako wenye moja na wako wenye kabati zima. Ni kweli pia kwamba Nyongeza ya Pili ya Katiba yao, iliyopita 1791, inalinda haki ya kuwa na silaha, na kwamba mwaka 2008 Mahakama yao ya Juu iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi na si ya jeshi la mgambo peke yake. Hapo hana kosa. Kosa lake linaanza anaposema kwamba kwa hiyo serikali haiwezi kumchezea mkulima.

Chukua mwaka huohuo wa 2018 unaowauma. Serikali ya Marekani ilipandisha ushuru kwa bidhaa za China, na China ikajibu kwa kuweka asilimia 25 kwenye soya ya Marekani. Wakulima wa Iowa na Illinois, watu wenye bunduki ukutani na trekta uwani, wakaamka soya yao imekosa mnunuzi wake mkubwa. Hakuna aliyewauliza. Walichopata baadaye ni fidia ya serikali: mpango wa hadi dola bilioni 12 mwaka ule na mwingine wa hadi bilioni 16 mwaka uliofuata. Sasa kumbuka huku kwetu Novemba ileile. Wanunuzi walileta bei za chini, wakulima wakakataa kuuza, serikali ikatangaza itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba. Mabara mawili, mwaka mmoja, na pande zote mbili mkulima anasubiri hundi ya serikali kwa uamuzi ambao hakuufanya yeye. Mmoja ana bunduki, mwingine ana panga la kufyekea. Bunduki imembadilishia nini yule wa kwanza?

Lakini mfano mzuri zaidi ni wa zamani, na huu nataka uende nao kijiweni kama ulivyo.

Mwaka 1791, mwaka uleule wa hiyo Nyongeza ya Pili, serikali changa ya Marekani ilikuwa na madeni ya vita vya uhuru. Waziri wa fedha, Alexander Hamilton, akaweka ushuru kwenye pombe kali inayotengenezwa nchini, wiski. Mtu wa mjini aliona jambo dogo. Ila kwa wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, ng'ambo ya milima, ulikuwa msumari wa moto. Wao walilima nafaka, na kuvusha magunia ya nafaka milimani kwa farasi kulikula faida yote. Wakiipika ikawa wiski, mzigo unakuwa mdogo na thamani inabaki. Wiski ilikuwa hata fedha yao. Kibarua alilipwa wiski. Wewe umekulia Nachingwea, huhitaji kuchorewa: mabibo hayalali siku mbili kabla ya kuoza, ndiyo maana mtu hukamua pombe ya uraka, na mwingine, kwa siri yake, hupika pombe kali ya nipa. Fikiria ushuru unaoangukia hapo hasa, tena uliopangwa hivi kwamba mpishi mkubwa analipa nafuu kwa galoni kuliko mpishi mdogo.

Wale wakulima walikuwa na bunduki, na wengi walikuwa wamepigana vita vya uhuru, kwa hiyo walijua kuzitumia. Julai 1794 waliizingira nyumba ya mkaguzi wa ushuru, wakapigana na waliokuwa ndani, wakaichoma. Rais George Washington akakusanya mgambo wapatao 13,000 kutoka Pennsylvania yenyewe na majimbo ya jirani, akasafiri nao mwenyewe sehemu ya njia. Lilipofika jeshi, waasi walikuwa wameshatawanyika. Wachache walipelekwa Philadelphia, wawili wakatiwa hatiani kwa uhaini, kisha Rais akawasamehe. Ushuru ukabaki palepale.

Uliondoka lini? Mwaka 1802. Na uliondolewa na nini? Uchaguzi wa mwaka 1800 ulimwingiza Thomas Jefferson na chama chake, ambacho kilipata kura nyingi kwa watu walewale wa ng'ambo ya milima, na Bunge jipya likaufuta. Mwaka 1794 walikwenda na bunduki, wakarudi mikono mitupu. Miaka minane baadaye kura ikawapa walichotaka, na hakuna nyumba iliyochomwa. Mwenzenu akikuuliza bunduki ya Mmarekani imewahi kuzuia ushuru wa mkulima, mwambie ilijaribiwa mapema kabisa, Washington mwenyewe akiwa Rais, na ikashindwa.

Sasa nikuongezee jambo ambalo nadhani halijulikani kijiweni kwenu, nalo ndilo linalonifurahisha zaidi katika habari hii yote. Ule ushuru wetu wa korosho ghafi zinazokwenda nje, asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kipi kikubwa, huko Marekani hauwezi kuwekwa. Si kwamba haupendwi. Umekatazwa na Katiba. Kifungu cha kwanza, sehemu ya tisa: hakuna kodi wala ushuru juu ya bidhaa inayouzwa nje kutoka jimbo lolote. Nani alikiweka? Wajumbe wa majimbo ya kusini, waliokaa Philadelphia mwaka 1787 wakati Katiba inaandikwa. Majimbo yao yaliishi kwa kuuza tumbaku na mpunga ng'ambo, wakaogopa wenzao wa kaskazini watawakamua kupitia bandari. Wakasema bila kifungu hiki hatutii saini. Wakapata. (Usiwapambe sana mbele ya wenzako, maana tumbaku ile ililimwa na watumwa, na katika mkataba huohuo walilinda na biashara ya watumwa. Ninachokuonyesha ni njia waliyopitia.) Watu wa kusini wenye zao la kuuza nje walilinda mfuko wao kwa kuwa na kiti mezani siku sentensi inaandikwa, na kwa kuwa na uwezo wa kusema hapana.

Turudi basi Juni 2018. Sheria ya korosho ilikuwa inasema fedha za ule ushuru zigawanywe: asilimia 65 zirudi kwenye tasnia ya korosho yenyewe, asilimia 35 ziende Mfuko Mkuu wa Hazina. Kutokana na ile 65 kulikuwa na dawa ya salfa, miche, utafiti, magunia. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ikabadilisha hesabu, zote zikaenda Hazina. Usione dogo. Msimu wa 2017/18 tulikuwa tumevuna takribani tani 313,000, rekodi kwa wakati ule. Kama zote zingetoka ghafi, hata kwa kile kiwango cha dola 160 ni zaidi ya dola milioni 50. Msimu uliofuata mavuno yakashuka hadi kama tani 225,000. Siwezi kusema yote ni kwa sababu ya salfa, hali ya hewa nayo ina mkono wake, ila shamba langu nalijua. Mwaka ule nilipuliza mara mbili badala ya mara tano, na ugonjwa wa ubwiriunga ukapita kwenye maua kama mtu aliyemwaga majivu. Ukilishika ua linabaki unga vidoleni. Mikorosho ya jirani yangu aliyekuwa na fedha za salfa ilikuwa imebeba korosho. Yangu ilikuwa inapepea majani.

Wabunge wa kusini walisema, tena walisema sana, wa chama tawala na wa upinzani. Wengi wetu tuliwasikiliza redioni. Kwa nini haikusaidia? Hapa ndipo moyo wa swali lako ulipo, na jibu liko ndani ya Katiba yetu, wala si ndani ya ghala la silaha.

Ibara ya 99 inasema Bunge halishughulikii mambo ya kodi na matumizi mpaka Rais ayapendekeze kupitia waziri. Kwa maana nyingine, mbunge wa Nachingwea hawezi kuinuka tu na muswada wake wa kurudisha asilimia 65. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Na ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge umekwisha. Weka hizo tatu pamoja, kisha jiweke kwenye kiti cha mbunge wa korosho siku ya kura ya bajeti. Anaweza kulia na kupiga meza. Lakini "hapana" yake ina bei ambayo Mmarekani haijui, kwa sababu kule Rais hana uwezo wa kulivunja Bunge, na mbunge au seneta akigombana na chama chake anabaki na kiti mpaka wapiga kura wake wenyewe wamtoe. Mimi sisemi mfumo wao ni bora kwa kila kitu. Mara kadhaa serikali yao imefunga ofisi kwa sababu bajeti imekwama, wafanyakazi wanakaa nyumbani bila mshahara. Sisi hilo hatulijui. Ninachosema ni kwamba mwenzenu ameona tofauti ya kweli kati ya mkulima wa kule na wa huku, ila amebandika sababu isiyo yake.

Tena ukitaka ushahidi kwamba bunduki si sababu, tazama wenye bunduki wenyewe wanavyozilinda. Hawazilindi kwa kuzifyatua. Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, mtu mmoja aliua watoto 20 na watu wazima 6. Nchi nzima ililia. Aprili 2013 likapelekwa kwenye Seneti pendekezo jepesi tu la sheria: anayenunua bunduki kwenye maonyesho au kwenye intaneti achunguzwe kwanza kama ana rekodi ya uhalifu. Kura za maoni zilionyesha karibu tisa katika kila watu kumi wanaunga mkono. Kura za maseneta: 54 ndiyo, 46 hapana. Likaanguka. Kwa utaratibu waliokubaliana zilihitajika 60 ili lisonge mbele.

Watu wengi wanataka, na bado jambo linaanguka, inawezekanaje? Kwanza, kila jimbo lina maseneta wawili. Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita, ina wawili, na California yenye milioni 39 ina wawili. Majimbo ya mashambani, yenye wawindaji na nyumba zilizo mbali na kituo cha polisi, yana uzito mkubwa kuliko vichwa vyake. Pili, na hili ndilo la kujifunza, mwenye bunduki hupiga kura kwa ajili ya bunduki. Anajua mbunge wake alipigaje kura, analipa ada ya chama chake, anapiga simu, anajitokeza hata kwenye kura ndogo za ndani ya chama ambazo wengine hawazijui tarehe yake. Yule anayetaka udhibiti ana mambo kumi, udhibiti ni la saba. Wachache wanaokesha juu ya jambo moja huwashinda wengi wanaolikumbuka likitokea janga. Ndiyo maana ilichukua karibu miaka kumi mpaka Juni 2022 kupitisha sheria yenye uzito kiasi, baada ya mauaji mengine ya watoto shuleni, safari hii Uvalde, Texas. Na mwezi huohuo Mahakama ya Juu ikaibomoa sheria ya New York iliyomtaka anayebeba bastola hadharani aeleze sababu maalumu. Huku wanajenga, huku wanabomoa.

Kuna kingine cha hawa wenye bunduki ambacho kila chama cha msingi cha ushirika wa korosho kingepaswa kukijua. Marekani inatoza ushuru wa asilimia 10 hadi 11 kwenye bunduki na risasi, unalipwa na watengenezaji na waingizaji. Kwa sheria ya 1937 fedha za ushuru huo zinakwenda kwenye idara za wanyamapori za majimbo, kwa kazi kama kulinda misitu na kuhesabu wanyama. Wawindaji waliuunga mkono kwa sababu waliona unarudi porini wanakowinda. Huo ni ushuru wenye njia yake, ndugu yake kabisa na ile asilimia 65 yetu, na umeishi zaidi ya miaka 80 kwa sababu una wenyewe: wawindaji, watengenezaji na serikali za majimbo, kila mmoja akiwa na kitu cha kupoteza ukiguswa. Wetu ulikuwa na wakulima ambao wengi hawakujua kwamba upo mpaka siku ulipoondoka. Nami nisijitoe, nilikuwa najua, na sikuwahi kuusema kwenye mkutano hata mmoja wa chama changu.

Najua mtakachonijibu Nachingwea. Mtasema, mjomba, hapa kwetu ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipofundishwa, na Mreno hakuondoka Msumbiji kwa kupigiwa kura. Sawa kabisa. Pale ambapo hakuna sanduku la kura kwa mtu mweusi, hoja ni nyingine, na wazee wenu waliowapisha na kuwalisha wale vijana hawakukosea. Lakini mfuatilie huyo Msumbiji mbele kidogo, tena kwenye korosho. Uhuru 1975, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe mpaka 1992. Bunduki zilikuwa zimesambaa nchini kote. Miaka michache baada ya amani, Benki ya Dunia ikaishinikiza serikali, kwa masharti ya mkopo, ipunguze ushuru wa korosho ghafi zinazotoka, ili eti mkulima apate bei nzuri. Korosho zikaenda India, viwanda vikafungwa, maelfu ya wabanguaji, wengi wao akina mama, wakarudi nyumbani. Bunduki zote zile hazikuwa na la kusema mbele ya karatasi ya mkopo. Waliosema ni chama cha wafanyakazi wa viwanda, wenye viwanda na magazeti, wakapiga kelele miaka, mpaka mwaka 1999 Bunge lao likapitisha sheria ya kuurudisha ushuru juu.

Na kabla ya huyo, sisi wenyewe. Vita vya Majimaji vilianzia Nandete, Umatumbi, Julai 1905, na tendo la kwanza lilikuwa kung'oa pamba. Mzizi ulikuwa sera ya uchumi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi elfu kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, na hesabu nyingine zinafika laki mbili na nusu au zaidi, wengi wao kwa njaa, kwa sababu Mjerumani alichoma maghala na mashamba. Nitakuwa mkweli: baada ya vita mpango ule wa pamba ya shuruti uliachwa, na mtu anaweza kusema waasi walishinda hoja. Mimi mzee wangu mmoja alinihadithia alivyosimuliwa na bibi yake, kwamba mwaka wa njaa walikula mizizi ya porini waliyoiloweka siku tatu kuondoa sumu. Ushindi wa namna ile sitamwombea mtu.

La gesi nitalipita haraka, maana wewe na mimi tulikuwapo. Mei 2013 Mtwara iliwaka siku bajeti ya nishati inasomwa, watu wakafa, nyumba zikateketea, wanajeshi wakawa mitaani. Oktoba 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa. Sijui mtu hata mmoja pale mjini ambaye maisha yake yalinyooka kwa sababu ya usiku ule.

Kuhusu udhibiti wa silaha hapa nyumbani, mimi nauunga mkono, na sifichi. Sheria yetu ya sasa ni ya 2015. Haisemi raia asiwe na bunduki. Inasema aombe, achunguzwe, apewe leseni, aihifadhi ipasavyo. Maombi hupita kwa viongozi wa eneo lako na kamati za ulinzi na usalama kabla ya kufika polisi juu. Ni safari ndefu, na ndefu inachosha, na pakiwa na urefu panazaliwa mahali pa kuombwa "maji ya kunywa". Hilo ndilo lalamiko la haki. Lakini mpaka wetu ni Mto Ruvuma, ng'ambo yake ni Cabo Delgado, ambako vijana wenye silaha wamekuwa wakichoma vijiji tangu Oktoba 2017, na Oktoba 2020 walivuka wakashambulia Kitaya, mkoa wetu wa Mtwara. Mtu anayetaka bunduki zizagae hapa hajalala Kitaya. Na tusisahau kule wanakotuonyesha kama mfano: mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Huyo si mkulima anayeilinda korosho yake dhidi ya serikali. Ni mtu peke yake chumbani usiku.

Basi nguvu yenu mtaipata wapi? Msimu uliopita nilikwenda kuchukua karatasi yangu ya malipo katika chama kimoja cha msingi, nisikitaje. Imeandikwa kilo, bei ya mnada, halafu mstari wa makato, halafu kilichobaki. Makato yamejumlishwa kwa tarakimu moja. Nikamuuliza karani, mwanangu, hii imegawanyika vipi? Akacheka kwa adabu, akasema, "Mzee, wewe wa kwanza kuuliza leo." Ilikuwa saa tisa alasiri, na foleni ilianza asubuhi. Akanifungulia daftari: usafirishaji, ghala, chama cha msingi, chama kikuu. Kipengele kimoja cha shilingi chache kwa kilo kilikuwa cha ujenzi wa ghala ambalo lilishakwisha, na wanachama walikipitisha wenyewe mkutanoni bila kuweka mwisho. Kwa mwaka, kwa chama kizima, hizo shilingi chache ni mamilioni. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho katika chama, si mwenyekiti wala meneja. Hapo hakuna ibara ya 90. Hapo "hapana" yako haikugharimu kiti. Tuliokwenda kwenye mkutano uliofuata na swali hilo tulikuwa saba, na kipengele kikaondolewa kabla ya chai.

Vivyo hivyo mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Vivyo hivyo diwani wako na ushuru wa mazao wa asilimia 3 unaoingia halmashauri kutokana na korosho zenu. Mwulize mwaka huu umechimba kisima gani. Na mbunge, kabla ya uchaguzi, mwulizeni swali moja tu lenye jibu la ndiyo au hapana kuhusu ushuru wa korosho ghafi, mwandike jibu lake na tarehe. Mwenzenu wa simu atawafaa hapo: arekodi.

Sasa gobore. Leseni ilikuwa ya babu, na haikurithiwa pamoja na shamba. Aliyelishika leo, kwa sheria, ameshika silaha asiyo na leseni nayo, hata kama limeota kutu na kufuli lake halipigi. Msilitoe kwenda kutisha tembo wa Liwale wanaoshuka mashambani, maana risasi ya gobore humjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa anarudi na hasira. Waiteni askari wa wanyamapori. Usilibebe begani ukapita nalo barabarani, na usilifunge kwenye gunia ukapanda nalo bodaboda. Mwende kwanza wewe na mwenyekiti wa kijiji mpaka kituo cha polisi bila gobore, mkiwa na kile kitabu cha leseni cha babu kama kipo na cheti chake cha kifo, mweleze lilipo, waje walichukue au wawape utaratibu wa kulipeleka. Mdai hati ya kukabidhi yenye namba, muhuri na jina la aliyepokea. Kama kuna kijana wenu anayelitaka kwa halali, aanze maombi yake mwenyewe upya, likiwa huko polisi. Na lile pembe la baruti, kama mlilihifadhi pamoja na gobore, liende pamoja nalo. Msiliache juu ya jiko.